Hesabu ya Mvushaji

Baba yangu alikufa miaka sita iliyopita, na ndani ya gemu ile ana sentensi arobaini na moja. Nazijua zote. Najua anapovuta pumzi, najua anapokohoa katika sentensi ya kumi na tisa, kikohozi ambacho watengenezaji walisahau kukifuta. Kwa hiyo Jumanne moja ya Oktoba, alipofungua mdomo kwenye mashine mpya akatoa sentensi ya arobaini na mbili, sikufurahi. Nilisimamisha mchezo, nikaweka padi ya kuchezea mezani, nikauliza kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni, "Nani huyu?"

Kazi yangu ni kukagua tiketi kwenye tramu za mji wetu, Grudziądz. Kwa miaka kumi na tisa watu wamenitazama machoni wakaniambia tiketi imepeperuka dirishani, imeliwa na mbwa, iko kwa mke aliyeshuka kituo cha nyuma. Wanasema nina roho mbaya. Sina roho mbaya, nina mazoea. Samaki namnusa mara mbili, mkate naubonyeza kabla ya kuuchukua, na zawadi naipindua kwanza nione chini yake kuna nini. Na mashine hii ilikuwa zawadi ya mdogo wangu Irek, ambaye tangu azaliwe hajampa mtu kitu bila kuombwa mara tatu.

Gemu yenyewe inaitwa Kivuko cha Ukungu. Ilitengenezwa hapa hapa, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na vijana wanne waliokodi chumba cha chini ya jengo letu na kubandika trei za mayai ukutani ili kelele za mabomba zisiingie kwenye kanda zao. Baba alikuwa dereva wa tramu. Siku moja walimsikia akimfokea abiria aliyeng'ang'ania mlango, wakamfuata hadi kituo cha mwisho kumwomba awe sauti ya mvushaji, yule mzee anayekuvusha mto kwa mashua yake. Baba aliwauliza swali moja tu: atalazimika kuvaa kofia ya ajabu? Walipomwambia hakuna atakayemwona, akakubali. Baadaye vijana wakakua, gemu ikaenda kwa kampuni kubwa, na sasa kampuni hiyo imeitoa upya kwa mashine za kizazi kipya, maji yanameta, kila unyasi una kivuli chake.

Nilianza kuwa na shaka kabla baba hajasema lolote. Ukungu ulikuwa mzuri mno. Mto ulikuwa safi kuliko mto wowote niliowahi kuuona. Mvushaji mwenyewe, ambaye zamani uso wake ulikuwa vipande vinne na masharubu, sasa alikuwa na mishipa mikononi na machozi ya uzee pembeni mwa macho. Nikajiambia, kama wameweza kuchora machozi, sauti itawashinda?

Kwa mama yangu, Genowefa, hii si gemu. Macho yake yamekwisha, anaona mwanga wa dirisha tu. Hana mahali pengine pa kusikia sauti ya mumewe. Kanda ya kupokea ujumbe kwenye simu ya mezani, ambayo baba alisema humo kwamba hatupo nyumbani na tusisumbuliwe, ilipotea wiki ya mazishi. Kwa hiyo kila sikukuu ya mtakatifu mwenye jina la baba, na kila siku ya Watakatifu Wote tukishatoka makaburini, mama hukaa kwenye kiti changu cha mikono na kusema, "Haya, Bogna, nipeleke kwa Lucjan." Mimi hushika padi, nikapita msituni, nikashuka mtoni, na baba akamwambia, "Ingia, lakini usitikisetikise mashua, mimi si mtumishi wako." Mama hucheka mahali pale pale kila mara.

Mashine ya zamani iliharibika mwezi wa tatu, ikakataa kusoma diski. Bila toleo jipya hatukuwa na chochote. Na siku ya Watakatifu Wote ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Nikairudia sehemu ile, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kochi kama ninavyosimama nyuma ya mtu mwenye tiketi ya jana. Katika gemu ya zamani mvushaji alikuwa anakupokea na kuondoka. Safari hii alipiga makasia mawili, akajipiga paji la uso, akatoa ile sentensi ya arobaini na mbili, "Taa! Nimesahau taa." Akageuza mashua. Akaingia kibandani, akachukua taa, kisha badala ya kutoka akakaa kwenye benchi.

"Kaa," akaniambia. "Hatuondoki hivi hivi."

Kwetu ukisahau kitu ukakirudia, huvuki tena kizingiti mpaka ukae chini uhesabu hadi kumi. Usipofanya hivyo, safari ina mkosi. Hata madaktari hufanya, ingawa watakuambia wanafunga kamba za viatu. Kila mtu huhesabu kimoyomoyo. Mvushaji, kwa kuwa ilikuwa gemu, alihesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

Kimya, cha urefu wa pumzi moja.

"Nane. Tisa. Kumi. Haya, twende."

Nilirudia mara tatu. Sita, kimya, nane. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga makofi. Nimewakamata! Baba yangu aliendesha tramu kwa ratiba miaka thelathini na miwili, asingekosea kuhesabu hadi kumi. Huyu alikuwa mashine iliyoshonwa kwa vipande vya sauti yake, na mahali fulani walikosa kipande cha saba, wakaruka wakidhani hakuna atakayesikia. Nikaenda kwenye ukurasa wa kampuni na nikakuta wameandika wenyewe, kwa herufi ndogo: sauti za zamani zimesafishwa na, palipohitajika, kukamilishwa kwa mbinu za kisasa. Dalili ya mvua ni mawingu.

Sasa nani aliwapa vipande? Nikampigia Irek.

"Umeshafika kwa mvushaji?" Hakusalimia hata.

"Kwa nini unauliza?"

"Basi tu. Nauliza, dada. Umefika?"

"Kanda ya simu ya baba iko wapi, Irek?"

"Kanda gani tena? Ile ya enzi za mababu?"

"Usinichekeshe. Ilikuwa kwenye droo ya ukumbini. Wewe ndiye uliyetoa vitu vya ukumbini."

"Na wewe ndiye uliyetoa vya jikoni, mbona sikuulizi vijiko? Bogna, nisikilize. Cheza tu. Mama akija, mchezee mama."

"Kuna kitu unanificha."

"Kipo," akasema yule mtoto, na nilimsikia akitabasamu. "Siku zote unapenda kumkamata mtu. Nikamate basi." Akakata simu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumwambia habari ya saba. Ushahidi hautolewi kabla hujamshika mtu mkono, hilo ni jambo la kwanza unalofundishwa kazini kwetu.

Siku hiyo hiyo nikaandikia kampuni. Niliandika kwa hasira na nilifurahia kila neno. Niliwaambia mimi ni binti wa mvushaji, kwamba waliyemweka pale si baba yangu, na ushahidi ni kwamba mwigo wao hajui kuhesabu, anaruka saba kwenye kibanda. Niliwataka wanieleze. Baada ya siku tatu likaja jibu: "Mpendwa mchezaji, asante sana kwa kutujulisha. Kosa la kuhesabu katika eneo la kibanda limethibitishwa, na pengo hilo litajazwa katika marekebisho yajayo. Tunakutakia safari njema mtoni." Kuhusu baba yangu, hawakugusa hata neno moja. Nilichapisha barua ile nikaikunja ndani ya mkoba. Wamekiri wenyewe, nikasema, pengo limethibitishwa.

Lakini usingizi haukuja vizuri wiki ile, na sababu haikuwa Irek. Ilikuwa mama. Angekaa kwenye kile kiti na kusema nipeleke kwa Lucjan, nami ningempeleka kwa nani? Mama anamtamani mumewe kiasi kwamba ukimpa hata mluzi wa birika utakaofanana naye, ataupokea. Akiamini uongo ule, nitakuwa nimemdanganya kipofu. Asipoamini, atakuwa amefiwa mara ya pili, na mimi ndiye niliyeshika padi.

Siku ya Watakatifu Wote tulitoka kwangu saa nne asubuhi. Tulipofika ngazi ya pili mama akakumbuka kiberiti cha mishumaa, tukarudi, tukakaa watatu kwenye benchi la viatu, midomo imefumba, kila mtu na kumi yake. Irek alimaliza wa kwanza kama kawaida. Yeye huhesabu mbili mbili.

Makaburini umati ulikuwa mkubwa. Nilisugua jiwe, Irek akafagia majani, mama akashika maua ya krisanthemu kifuani akisubiri kuambiwa wapi pa kuyaweka. Nilihakikisha kwanza taa zetu za mishumaa za mwaka jana hazipo kwenye kaburi la akina Szulc, jirani zetu, kwa maana nina sababu zangu. Kisha nikamvuta Irek nyuma ya mti wa msonobari.

"Ulienda kwa kampuni," nikamwambia. "Usikatae."

"Nilienda."

Sikutegemea angekubali haraka hivyo. Nikawa kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Uliwapa kanda ya simu."

"Kanda ya simu siijui, naapa. Niliwapa boksi. Lilikuwa kwenye stoo ya baba kule chini, nyuma ya mbao za kutelezea theluji. Vijana walipohama walimwachia kanda zao zote za sauti yake, na yeye akazifunika na gazeti. Sikuwa na mashine ya kuzichezea. Nikawapelekea, wakaniambia kuna maneno humo ambayo hayakuwahi kutumika. Nilitaka iwe mshangao kwako, basi. Kwako na kwa mama."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ningesema hapana kwa sababu jibu ni hapana! Unajua umewapa nini? Umewapa kitambaa na mkasi! Wamemkata baba vipande wakamshona mtu mwingine!"

"Wewe una ugonjwa, Bogna. Mtu akikuambia habari za asubuhi unamwomba tiketi."

"Na wewe mtu akikuuliza habari za baba yako unazigawa!"

"Mnagombana mbele ya baba yenu," akasema mama. Alikuwa amekuja kwa kufuata sauti zetu, mkono mmoja ukipapasa mawe ya watu. Watu wa kaburi la jirani wakajifanya wanarekebisha utambi. "Bogna, hiyo sauti mpya ni yake au si yake?"

"Si yake, mama. Nina ushahidi."

"Ni yake," Irek akasema.

"Basi twendeni nyumbani," mama akasema. "Nimelala kando yake miaka arobaini na sita. Nitawaambia mimi."

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, na sasa lilikuwa limeamuliwa, tena kwa sababu yangu.

Tulikunywa supu. Kisha mama akakaa kwenye kiti cha mikono, akavua miwani yake isiyomsaidia, akasema, "Haya, nipeleke kwa Lucjan." Niliwasha mashine. Nilipita msituni, nikashuka mtoni. Baba akasema ingia usitikisetikise mashua, na mama akacheka mahali pale pale. Halafu makasia mawili. Halafu taa. Mama akainua kichwa.

Sikutazama skrini tena, nilimtazama yeye. Mvushaji akakaa, akaanza kuhesabu, na midomo ya mama ikawa inakwenda pamoja naye. Tano. Sita. Kimya kilipofika, midomo yake nayo ikasimama. Ikangoja. Nane, ikasema, pamoja na yule mtu wa kwenye gemu, tisa, kumi.

"Umesikia?" nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo. "Ameruka saba. Baba asingekosea."

Mama alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umetulia.

"Hakukosea," akasema. "Baba yenu hakuwahi kutamka saba. Si mbele yangu, si mbele ya mtu."

Irek akazima sauti ya mto.

"Kabla yako, Bogna, alikuwapo mwingine. Jaś. Alizaliwa Februari, theluji imefika dirishani. Alikuwa mdogo mno. Baba yenu kila asubuhi alisimama kwenye kitanda chake akahesabu kwa sauti, siku moja, siku mbili, kama anamfundisha. Alihesabu hadi sita. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na wa kuhesabiwa." Akajifuta kwa kiganja. "Tangu siku hiyo akifika pale ananyamaza. Pumzi moja, kisha anaendelea. Mimi nami nikazoea kumngoja."

"Mbona sisi hatukuwahi kumsikia?" Irek akauliza.

"Mngemsikia vipi? Mkikaa pale benchini kila mtu yuko na hesabu yake. Wewe Bogna, ulipofika miaka saba, alikuambia umetimiza miaka sita na mmoja. Ulicheka siku nzima."

Niliikumbuka keki. Mishumaa sita katikati, na mmoja pembeni, peke yake. Miaka yote nilidhani ulikuwa utani.

"Kwenye boksi," Irek akasema polepole, "kanda moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu. Niliisoma nikadhani ni mambo yao ya kazi. 'Kibanda. Mzee karuka saba. Anakataa kurudia. Tusitumie.'"

Hapo ndipo aibu iliponipata, kwanza masikioni halafu kifuani. Alikuwa yeye. Alisimama kwenye chumba kile cha trei za mayai, chini ya nyumba yake mwenyewe, vijana wanamwambia mzee rudia umekosea, naye akawakatalia bila kusema kwa nini. Na mimi binti yake nikamwita mwigo.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo kuomba radhi, Irek akainama mbele kuelekea skrini. Pembeni juu kulikuwa na maandishi madogo. Akayasoma kwa sauti.

"Marekebisho yanapakuliwa, asilimia themanini na moja. Makosa yaliyorekebishwa... mti uliokuwa ukielea hewani... mvushaji sasa anahesabu hadi kumi bila pengo. Asante kwa wachezaji waliotujulisha." Akageuka. "Mpumbavu gani huyo aliyewajulisha?"

Nilikuwa nimeshafika ukutani. Nilivuta waya wa intaneti, ukang'oka na soketi yake na chembe za plasta, kisha nikazima kile kisanduku cha intaneti chenyewe nikakikumbatia kifuani kama mtu aliyeiba kuku. Kwenye skrini maandishi yakayumba, yakatoweka.

"Yameingia?" nikauliza. "Irek, yameingia au hayajaingia?"

"Sijui." Alinitazama, akatazama kisanduku kilichokuwa kifuani mwangu, akaelewa. "Oo, dada. Ni wewe?"

Nikatoa ile barua kwenye mkoba nikampa. Sikuwa na namna nyingine ya kusema. Alisoma, akaikunja tena taratibu. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu hakungoja kuzaliwa na mtoto wangu, alikuja mwenyewe akakaa mezani.

"Niliomba wajaze, mama," nikasema. "Pale pa Jaś. Sikujua. Nilidhani nawakamata."

Mama alinyoosha mkono hewani mpaka nikauweka uso wangu ndani yake. Alinipiga kofi dogo shavuni, lile la kumwamsha mtu.

"Ungejuaje? Hatukuwaambia. Hilo ni letu mimi na yeye, si lako," akasema. "Sasa acha kulia, nipeleke tena. Nataka kujua kama yupo."

Ilibidi kuanza upya, tangu msituni. Ni dakika ishirini kutoka kwenye lango hadi mtoni, na toleo jipya limeongeza daraja. Nikatumbukia kwenye shimo ambalo sijatumbukia tangu nikiwa msichana. Irek akachukua padi bila kuuliza, na mimi, ambaye sijawahi kumwachia mtu padi ile, nikamwachia. Nilikaa sakafuni kando ya kiti cha mama.

Ingia, usitikisetikise mashua, mimi si mtumishi wako. Safari hii mama hakucheka. Makasia mawili. Taa, nimesahau taa. Mvushaji akaingia kibandani, akachukua taa yake, akakaa.

"Kaa. Hatuondoki hivi hivi."

Irek akashuka kwenye kochi, akakaa nasi chini.

"Moja," akasema baba. "Mbili. Tatu. Nne." Mkono wa mama ulikuwa umenishika bega, kucha zinaingia. "Tano. Sita."

Sikuvuta pumzi. Nilisikia friji ya jikoni, nikasikia tramu ikipinda kona huko nje.

"Nane," akasema baba.